Kuvuta Si Kubeba

Darasani tunafundishwa kwamba hakuna vitenzi viwili vyenye maana moja kamili, hata vikikaribiana vipi. Mimi sikuhitaji mfano wa kitabuni. Mwaka jana ukoo wetu ulibishana karibu miezi minne juu ya vitenzi viwili, kuvuta na kubeba, na katika ubishi huo ilikuwamo akiba yote ya dada yangu.

Dada ni muuguzi huko Marekani. Hana hospitali moja. Huajiriwa kwa mikataba mifupi, mara nyingi ya wiki 13, kisha huhamia mji mwingine, pengine jimbo jingine. Kila mkataba ulimaanisha kutafuta nyumba ya kupanga, kulipa dhamana, kununua godoro, na baada ya miezi mitatu kuligawa godoro lenyewe. Mumewe ni mzaliwa wa Goma, fundi wa mitambo ya kupoza hewa, na vifaa vyake vya kazi huenda naye kila anakokwenda. Wana mtoto wa miaka minne. Wakaamua kununua nyumba ya magurudumu na kuishi humo mwaka mzima, si kwa likizo.

Sisi ni watu wa Tororo, upande wa Uganda. Wakwe zetu wa Goma hawajui Kidhopadhola, nasi hatujui Kinande. Lugha inayotuunganisha ni Kiswahili. Kwa kuwa mimi ndiye ninayekisomea chuoni, nilipewa kazi ya kusoma karatasi za wauzaji na kuzieleza kwa sauti katika kikundi cha WhatsApp cha pande zote mbili. Sijawahi kufanya mtihani mgumu kuliko huo.

Ugumu ulianza kwenye majina. Walikuwa wanachagua kati ya aina mbili. Ya kwanza ni trela ya kawaida, inayofungwa nyuma ya pikapu kwenye tufe la chuma. Ya pili Wamarekani huiita kwa maneno yenye maana ya gurudumu la tano. Nilipotafsiri hivyo, baba mkwe wa dada aliuliza kutoka Goma kwa nini mwanawe atake kulala ndani ya spea. Nikaeleza kwamba jina limetoka enzi za magari ya farasi, ambako gurudumu la kulala liliwekwa juu ya ekseli ya mbele ili ekseli iweze kugeuka. Siku hizi ni sahani ya chuma inayokaa juu ya gari linalovuta, na trela huingiza pini yake humo. Nikaona kimya. Kisha mama, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akatuma sauti: "Si ndiyo semi hiyo? Ile sahani ya nyuma ya kichwa cha lori, inayopakwa grisi. Sema semi, watu waelewe."

Mama ameuza chakula mpakani Malaba zaidi ya miaka ishirini. Wateja wake ni madereva na utingo wanaopanga foleni kuelekea Kampala, Kigali na Juba. Anajua malori kuliko mwanaye msomi, na tangu siku hiyo tuliita trela ile semi ndogo.

Dada aliipenda semi ndogo, na ukweli ni kwamba kwa starehe hakuna mashindano. Sehemu yake ya mbele hupanda juu ya pikapu, na hapo hupatikana chumba cha kulala kilichoinuka, chenye ngazi zake. Dari ni refu. Chini kuna stoo. Kisha kuna uthabiti barabarani: uzito wake hukaa juu ya ekseli ya nyuma ya pikapu au karibu nayo, haukai nyuma kabisa kama mkia, kwa hiyo upepo wa malori yanayopita hauiyumbishi sana. Trela ya kawaida huyumba zaidi, hasa pua yake ikiwa nyepesi. Dada alituma picha za jiko lenye dirisha kubwa. Wifi zake wakapiga vigelegele.

Muuzaji naye akaandika kwamba pikapu ya shemeji ina uwezo wa kuvuta kilo 5,000, na semi ile, hata ikijazwa hadi kikomo chake, haizidi kilo 4,530. Nani atakataa? Hesabu ni sahihi.

Ila semi haivutwi tu. Sehemu ya uzito wake, kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 25, hukaa mgongoni mwa pikapu, na pikapu huibeba kama inavyobeba magunia ya mahindi. Chukua asilimia 20 ya kilo 4,530, unapata kilo 906. Sasa fungua mlango wa dereva. Pikapu za Marekani za kiasi hicho zina kibandiko hapo kinachotaja jumla ya uzito wa watu na mizigo usiotakiwa kuzidishwa. Kibandiko cha shemeji kilisema, tukigeuza ratili kuwa kilo, 725. Na ndani ya hizo 725 lazima awemo shemeji mwenyewe, dada, mtoto, na kila wundo na bisibisi.

Mtoto wa miaka saba anaweza kumvuta ng'ombe kwa kamba kutoka mtoni hadi zizini. Mwambie ambebe. Nilipoutoa mfano huu kikundini, hata wale wasiopenda namba walielewa, na baba mkwe akasema kwa mara ya kwanza kwamba masomo yangu yana faida.

Muuzaji alipobanwa alitoa namba nyingine, uzito mkavu: kilo 3,540 kwa trela nzima, na 635 tu mgongoni mwa pikapu. Uzito mkavu ni uzito wa trela ilivyotoka kiwandani, bila maji, mitungi iliyojaa gesi, sufuria wala blanketi. Hakuna anayeishi ndani ya uzito mkavu. Na hata tukiukubali, weka juu yake watu watatu wenye jumla ya kilo 173, utapata 808. Wamezidi kilo 83, na sahani hata moja haijapakiwa.

Mama aliuliza swali moja: "Mizani imesema nini?" Kwa madereva wa Malaba mizani si jambo la kubahatisha, lori lililozidisha uzito kwenye ekseli hukamatwa, na mama amesikia vilio vya faini miaka yote akipakua ugali. Akashangaa kusikia kwamba huko Marekani mtu binafsi na trela yake ya kuishi kwa kawaida hapitishwi mizani na yeyote. "Basi aende mwenyewe," akasema. Na inawezekana. Vituo vikubwa vya malori kule vina mizani ya umma. Unalipa dola chache, unapewa karatasi yenye uzito wa kila ekseli. Shemeji alipeleka pikapu ikiwa na familia, mafuta na vifaa. Akiwa hajafunga trela yoyote, alikuwa ameshakula zaidi ya theluthi ya ule uwezo wa kubeba.

Njia mojawapo ilikuwa kununua pikapu kubwa zaidi. Wengi hufanya hivyo, na kwa mwenye nia ya kukaa miaka kumi barabarani nadhani ndiyo njia bora: chagua nyumba, kisha nunua gari linaloiweza. Dada alikataa. "Sichukui mkopo wa lori ili nichukue mkopo wa nyumba." Hapo semi ndogo ikaaga mashindano, na picha za dirisha kubwa zikakoma.

Trela ya kawaida waliyoigeukia ina kikomo cha kilo 3,400. Kwenye tufe la nyuma hutakiwa kukaa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake. Ikiwa 12, ni kilo 408. Ongeza watu, ongeza chuma cha kugawanya uzito kati ya ekseli, unabakiwa na kilo zisizofika 100 kwa ajili ya vifaa vya shemeji. Ni kidogo, lakini zipo. Na huwezi kudanganya kwa kusukuma mizigo nyuma ya trela ili pua iwe nyepesi. Pua ikishuka chini ya asilimia 10 trela huanza kutikisa mkia, na mkia ukitikisika kwa kasi ya barabara kuu unaweza kulipindua gari.

Uzito mkavu wa trela hiyo ni kilo 2,650, kwa hiyo maisha yao yote yalipaswa kutosha katika kilo 750. Dada aliweka mizani ya bafuni sakafuni na kupima kila kitu wiki nzima. Tangi la maji la lita 150 peke yake ni kilo 150, basi wakakubaliana kusafiri likiwa karibu tupu na kulijaza wakifika. Vitabu vilikwenda kwa rafiki. Kinu na mchi alivyotoka navyo Tororo vilikuwa kilo tisa. Shemeji alisema viachwe, mama akasema viende, vikaenda.

Yako mambo mengine ambayo wauzaji hawayatangulizi. Trela nyingi zina kuta zinazosukumwa nje kwa mota ili kupanua sebule. Ni nzuri, lakini ni nzito, na pembezoni mwake ndipo maji hupenda kupenya. Kabla ya kununua, agiza zifungwe zote, kisha ujaribu kufika chooni na kwenye friji. Kuna trela ambazo njiani hufikii kimojawapo. Paa nalo mara nyingi ni utando wa mpira uliozibwa kwa gundi kila penye tundu, na gundi hiyo hukaguliwa mara kadhaa kwa mwaka. Hapa mama hakuhitaji tafsiri. Kila mwenye nyumba ya mabati anajua msumari mmoja uliolegea unavyoweza kuozesha boriti.

Halafu kuna dhamana. Watengenezaji wengi huandika kwamba trela ni ya burudani na matumizi ya muda, na kwamba dhamana haimhusu anayeifanya makazi ya kudumu. Bima nayo ina aina yake maalumu kwa wanaoishi humo moja kwa moja. Niliwasomea aya hiyo mara mbili. Baba mdogo, ambaye tangu mwanzo alitaka fedha hizo zijenge nyumba ya matofali kiwanjani kwetu, alidakia: "Mnaona? Hata aliyeitengeneza haiiti nyumba." Lilikuwa pigo zuri, nalo halikujibiwa. Pia ana haki kusema trela hushuka thamani kila mwaka, wakati kiwanja Tororo hakishuki. Lakini yeye hajawahi kugawa magodoro manne kwa mwaka mmoja.

Kuhusu baridi tulipita haraka: mabomba yaliyo chini ya sakafu huganda, kwa hiyo dada hatachukua mkataba wa kaskazini kati ya Desemba na Machi.

Lililotuchelewesha zaidi halikuwa uzito. Mama aliuliza, "Mtoto akiulizwa kwao ni wapi, atajibu nini?" Nilidhani ni swali la kizamani, kumbe serikali ya Marekani inaliuliza vilevile. Leseni ya uuguzi ya dada ni ya Texas, na Texas imo katika mkataba wa majimbo unaomruhusu muuguzi kufanya kazi katika majimbo mengine wanachama bila leseni mpya, mradi makazi yake ya kisheria yawe kweli huko. Kodi nayo: posho ya nyumba na chakula anayopewa muuguzi wa kuhamahama haitozwi kodi ikiwa ana makazi ya kudumu anayoyagharamia kwingine. Asiye nayo huhesabiwa kwamba nyumbani kwake ni popote afanyapo kazi, hivyo posho hutozwa kodi kama mshahara. Ukiuza kila kitu na kupanda kwenye trela, mamlaka ya kodi inaona umebaki bila kwenu.

Na mama alikuwa na jambo jingine alilolisema kwa kuzunguka. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake, sembuse kutumia choo kilicho hatua tatu kutoka kitandani kwa mkwe huyo, nyuma ya ukuta mwembamba kama mkeka. Trela ya mita nane haina upande wa mama mkwe. Shemeji aliposikia alisema kwa heshima sana, "Mama, hata sisi kwetu kuna haya," na mazungumzo yakasimama siku tatu.

Mwishowe walinunua ile trela ya kilo 3,400, iliyotumika miaka mitatu, baada ya kumlipa mkaguzi aliyepanda juu ya paa. Waliendelea pia kupanga chumba kimoja Houston kwa binamu ya shemeji, kwa kodi ya kweli na risiti, na dada hurudi huko kufanya kazi sehemu ya mwaka. Chumba hicho ndicho anwani ya leseni na ya kodi. Kwa kuwa nyumba ni ya binamu, si ya mkwe, mama amekubali kulala humo siku atakapopata viza. Ameshaagiza kitanda kiwekwe mbali na mlango.

Karatasi yao ya mizani, trela ikiwa imefungwa na kinu kikiwa ndani, ilionyesha kwamba pikapu ilibakiwa na nafasi ya kilo 31. Mama ameibandika ukutani kibandani Malaba, karibu na bei ya chai, na madereva huisoma wakisubiri chakula.