Kwa Mpwa Wangu Uliyetimiza Miaka 18

Mpwa wangu mpendwa,

 

Mama yako ameniambia laptopu niliyokuachia inakuonya kwamba Windows 10 haipati tena masahihisho ya kawaida ya usalama. Ni kweli. Microsoft walifunga huduma hiyo tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yako haina chipu ya usalama ya TPM 2.0 inayodaiwa na Windows 11. Usiiuze kwa bei ya chuma chakavu. Itie Linux Mint, mfumo endeshi wa bure.

Najua hofu yako ni gemu. Zamani ningekubaliana nawe, lakini mwaka 2018 kampuni ya Valve ilitoa Proton, programu inayowezesha gemu nyingi za Windows kuchezeka kwenye Linux. Zipo zinazogoma, kama Fortnite na Valorant, kwa sababu ya programu zake za kuwazuia wadanganyifu. Basi chunguza kwanza zile unazozipenda. Nakili picha na kazi za shule mahali pengine, kisha washa Linux kutoka kwenye flashi uijaribu jioni mbili tatu kabla hujagusa chochote kilichomo ndani. Ukiridhika, ndipo uisakinishe.

Lakini lililonishikisha kalamu ni jambo la pili. Nasikia kitambulisho umepata, ila hutaki kujiandikisha kupiga kura kwa kuwa wanasiasa ni wale wale.

Mpwa wangu, Novemba 2012 usajili ulipofunguliwa, nami nilisema maneno hayo hayo. Machi 2013, siku ya uchaguzi mkuu wa Kenya, nikakaa kibarazani nikiwatazama majirani wakirudi na wino kidoleni. Baadaye, kila nilipolalamika kuhusu bomba letu kavu, mke wangu aliniuliza, "Ulimpigia nani?" Nilinyamaza. Swali hilo lingali linaniuma.

Wewe hukesha ukisoma maoni ya wachezaji kabla ya kununua gemu moja. Bidii hiyo hiyo ndiyo ninayokuomba. Siku ya uchaguzi utapewa karatasi sita. Anza kwa kumchunguza mwakilishi wadi, maana yeye huketi katika bunge la kaunti, linakopitishwa bajeti ya zahanati na barabara za mtaani kwenu. Muulize alichofanya, kama unavyoijaribu mashine kabla ya kuiamini.

Na ukihofia kwamba kura huibwa, kumbuka uchaguzi wa mwaka 2022. Fomu za matokeo ya urais (34A) za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, IEBC, na yeyote mwenye intaneti aliweza kuzipakua na kujumlisha mwenyewe. Linux huaminika kwa kuwa msimbo wake uko wazi na watu wanaukagua. Hesabu ya kura nayo inahitaji macho kama yako.

Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Nenda na kitambulisho chako katika ofisi ya IEBC ya eneo bunge lenu, wachukue alama za vidole vyako. Hutalipa hata senti.

Nikija Desemba nitakuletea flashi yenye Mint, tuisakinishe pamoja. Nawe unionyeshe kijikaratasi cha usajili.

Msalimie sana mama.

Ni mimi mjomba wako,
nikupendaye