Siku Sita Katika Muji wa Calcutta

Ndugu msomaji, kama uko mtu wa Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi, unajua makelele. Unajua soko la Kenya siku ya mshahara, na namna pusupusu zinavyogombania njia na motokari. Mimi pia nilizani ninajua. Kiisha, mwezi wa saba 1995, nilitumwa kwa mkutano wa wachungaji kule Uhindi, katika muji wa Calcutta. (Tangu mwaka 2001 jina lake la serkali ni Kolkata.) Nyuma ya saa moja barabarani nilielewa ya kama sikujua kitu.

Kwanza, pua. Moshi wa mazutu unakupiga, kiisha harufu ya samaki wanaokaangwa katika mafuta ya haradali, kiisha ubani, kiisha mufereji uliojaa. Vyote kwa pumzi moja! Halafu masikio. Kule dereva hapigi honi kwa sababu ya hatari. Anapiga kusema tu: niko hapa. Teksi za rangi ya manjano, basi zenye watu wanaoning'inia mlangoni, tramu inayolia juu ya reli katikati ya barabara, ng'ombe amelala bila wasiwasi, na kunguru wengi juu ya nyaya. Kando ya njia wanaume wanaoga kwa bomba, sabuni kichwani, na watu wanapita tu.

Wewe mtu wa migodi, ningependa sana uone daraja la Howrah. Lilifunguliwa mwaka 1943 juu ya muto Hooghly. Chuma chake ni tani 26.500 hivi, na sehemu kubwa kilitoka katika viwanda vya Uhindi yenyewe. Hakuna buloni hata moja: vipande vyote vimeshikwa kwa riveti. Ukisimama katikati, unasikia chuma kinatetemeka chini ya miguu. Wabebaji wanakuja mbio, kikapu kichwani, wanapaza sauti ili upishe. Usipopisha, shauri yako!

Chini ya daraja, pembeni ya maji, kuna soko la maua. Ndiyo, maua! Milima ya maua ya manjano na ya machungwa, yamefungwa kwa kamba ndefu, yanauzwa kwa mashada ya hekalu na ya arusi. Chini ni matope mpaka kwenye kifundo cha mguu. Juu ni harufu tamu. Pale nilikunywa chai ya maziwa katika kikombe kidogo cha udongo. Ukimaliza, unakitupa chini, kinavunjika, kinarudi kuwa udongo. Mama zetu wangelia kwa kuona vikombe vinavyovunjwa kule kila asubui!

Lakini jambo moja halikunifurahisha. Siku ya pili, mzee mmoja, miguu mitupu, alisimama mbele yangu na kigari cha magurudumu mawili. Akagonga kengele yake kwenye mti wa kigari: ting, ting. Alitaka nipande, anivute yeye mwenyewe, kama punda. Nilikataa. Babu yangu alibeba Wazungu kwa tipoyi wakati wa Wabelgiji. Mabega yake nilikuwa nayaona tangu utoto. Nitapandaje juu ya mtu? Nikaenda kwa miguu, nikijisikia mtu mwema.

Mwenyeji wetu, mchungaji wa kule, akaniuliza jioni sababu gani. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kiisha akasema: "Ndugu, kile kigari si chake. Anakipanga kwa tajiri. Apate mtu, asipate, lazima alipe. Wengi wao wametoka mbali, jimbo la Bihar, wanatuma feza kwa bibi na watoto. Leo umemheshimu, lakini hakula."

Nilikumbuka vijana wetu wanaopanga pusupusu kwa siku moja moja. Sikulala vizuri.

Siku ya ine mvua ilianguka ile ya kule. Kwa nusu saa barabara ikawa muto, maji mpaka kwenye magoti. Teksi zikazimika. Tramu ikasimama. Vigari peke yake ndivyo vilivyotembea, na watoto wa masomo, wagonjwa, na wamama na vikapu vyao walikuwa juu yake. Nami nikapanda. Siwezi kukudanganya, ndugu: nilipata haya njia yote. Nilisikia pumzi ya yule mwanaume, niliona mishipa ya shingo yake. Tulipofika nilimlipa zaidi ya bei, akahesabu feza, akacheka, akageuka kutafuta mwingine.

Mwaka 2006 baraza la jimbo lilipitisha sheria ya kuviondoa vigari hivyo, kwa sababu si heshima mtu kuvuta mtu. Wavutaji wenyewe walikataa. Waliuliza: tutakula nini? Vigari havikuisha.

Mpaka leo sijui kama nilitenda vema siku ya pili ao siku ya ine. Ninajua hivi tu: siku ya pili sikumuuliza yule mzee kitu. Nilijibu mwenyewe, kwa ajili yake na kwa ajili ya babu yangu, ambaye hakuwa pale.

Na wewe, msomaji, kesho asubui sokoni, wakati kijana wa pusupusu atakapokuita, utamwambia nini? Mwulize kwanza kigari ni cha nani. Kiisha patana naye bei ambayo itamwachia kitu jioni.