Kutoka Filamu ya Kuchekesha Mpaka Mchezo wa Nyimbo: Namna Tulivyofanya



Tangu tulipocheza mchezo wetu wa nyimbo katika juma la tarehe 8 Machi, vikundi kadhaa vimetuuliza: mchezo ule mliutoa wapi? Wengine walifikiri tuliutunga wenyewe tangu mwanzo. Hapana. Tuliutoa katika filamu ya kuchekesha, na filamu hiyo ni ya kwetu Kongo. Sisi walimu watatu wa masomo ya hapa, pamoja na wamama wa likelemba, tuliikata, tukaishona upya, kama mtu anavyotoa kanzu ya mtoto katika kikwembe cha mama yake. Leo tunaandika namna tulivyofanya, juu ya kikundi chochote kinachotaka kujaribu.

Filamu inaitwa La Vie est belle, maana yake maisha ni mazuri. Ilitoka mwaka 1987. Waliotengeneza ni Ngangura Mweze, mtoto wa Bukavu aliyezaliwa mwaka 1950, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy. Anayecheza kijana Kuru ni Papa Wemba mwenyewe, yule mwimbaji aliyeanguka akiimba kule Abidjan mwezi wa Aprili 2016 na kufariki. Kuru anatoka kijijini, anakwenda Kinshasa akitafuta kuwa mwimbaji. Anapata kazi ya boi kwa tajiri mmoja, Nvuandu. Anampenda msichana Kabibi. Lakini tajiri naye, ambaye ana bibi nyumbani, anamtaka Kabibi huyohuyo awe bibi wa pili. Mwishoni kijana anapata jukwaa lake na msichana wake.

Tuliitazama kwenye kompyuta ya mwalimu mwenzetu, kwa umeme wa jua, wamama kumi na tisa mbele ya kioo kidogo. Walicheka mpaka machozi. Kisha mama mmoja akasema: “Huyu tajiri tunamjua.” Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Kugeuza filamu kuwa mchezo wa nyimbo si jambo letu peke yetu. Wengi wenu mmeona Sarafina! Ile ilianza kama mchezo wa jukwaani kule Johannesburg mwaka 1987, ikawa filamu mwaka 1992. Mwaka uleule wa 1992 ikatoka filamu nyingine ya kuchekesha, Sister Act, ambamo Whoopi Goldberg anakuwa mwimbaji wa baa anayefichwa katika nyumba ya masista kusudi wauaji wasimpate, na anafundisha kwaya yao. Hiyo yenyewe ilifuata njia ya kwetu, kutoka filamu kwenda jukwaani: ilichezwa mara ya kwanza Marekani mwaka 2006, kisha London mwaka 2009 na New York mwaka 2011. Waliofanya kazi hiyo hawakuogopa kubadilisha. Filamu ilikuwa na nyimbo za zamani ambazo watu walizijua. Kwa jukwaa, Alan Menken alitunga muziki mpya. Filamu inawaweka masista San Francisco. Jukwaani wamehamishiwa Philadelphia. Hadithi ilibaki ile. Tulipojua hayo, tuliona kwamba kuhamisha hadithi kutoka Kinshasa mpaka kwenye milima yetu si kuiharibu.

Na sisi wa hapa tuna urithi wetu. Wanyanga wa Walikale wana hadithi kubwa ya Mwindo. Baba yake, Shemwindo, aliwaamuru wabibi zake wazae wasichana tu. Akazaliwa kijana. Baba akamfungia ndani ya ngoma, akatupwa mtoni, naye akaimba humohumo ndani ya ngoma, akisafiri kwenda kwa shangazi yake Iyangura. Mzee Candi Rureke aliisimulia hadithi hiyo mwaka 1956, akiimba, akicheza, huku wengine wakimpigia fimbo na kumjibu. Iliandikwa katika kitabu mwaka 1969. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kuchanganya hadithi, nyimbo na kichekesho ni tabia ya wageni, mwambie aulize wazee wa Walikale.

Sasa kazi yenyewe. Filamu ina msaada ambao sisi hatuna. Inaweza kukuonyesha uso wa mtu karibu kabisa, ukaona jicho linavyolia. Inaweza kutoka kijijini ikafika mjini kwa sekunde moja. Kwenye uwanja wa masomo, mama aliyekaa nyuma chini ya mti haoni jicho la mtu. Tukajifunza kwamba wimbo ndio unaofanya kazi ile ya uso. Pale ambapo filamu inakaribia uso, sisi tuliweka wimbo. Pale ambapo filamu inaruka kutoka fasi moja mpaka nyingine, tuliweka wimbo wa njia, na watu wanapoimba wanageuza mabenchi mawili: yalikuwa nyumba, yamekuwa soko.

Tulitafuta fasi sita tu za nyimbo. Ya kwanza ilikuwa mapema, kijana anapoimba anachokitamani. Bila wimbo huo watu hawajui wamfuate nani. Ya pili ni wimbo wa kazi. Ya tatu ni ya msichana, naye anachokitamani, juu ya filamu nyingi zinasahau kumuuliza. Ya nne ni ya ugomvi, watu watatu wakiimba kwa pamoja kila mmoja na maneno yake. Ya tano ni ya bibi wa kwanza, peke yake. Ya mwisho ni ya wote, pamoja na watazamaji. Nyimbo za Papa Wemba hatukuzichukua. Tulichukua sauti za arusi na za shamba ambazo wamama wanazijua kwa Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda na Kitembo, tukaweka maneno yetu ya Kiswahili. Tajiri tulimpa Lingala, kusudi ajigambe vizuri. Kila aliposema neno la Lingala watoto walianguka chini kwa kicheko. Vyombo vyetu vilikuwa ngoma mbili, gitari ya kijana wa kwaya, na bidon tupu za lita 20.

Tajiri wa Kinshasa tulimgeuza mnunuzi wa madini. Hatukutaja kijiji. Hapa kila mtu anajua njia ya Rubaya na koltani yake, na njia ya Bisie na kasiterite yake. Kila mtu anajua bwana anayekwenda machimboni miezi mitatu na kurudi na moto mpya, simu mbili na bibi wa pili mwenye miaka kumi na sita.

Kufika hapo tukakutana na jambo gumu. Ndani ya filamu, tajiri ana udhaifu wa kiume. Anakwenda kwa mganga, naye anamwambia aoe bikira. Mwaka 1987, Kinshasa, watu walicheka. Sisi wamama wa Kivu hatukuweza kucheka. Tunajua yaliyotokea Kavumu, Kivu ya Kusini, ambako watoto wa kike walichukuliwa usiku na kunajisiwa juu ya imani kwamba damu yao inaleta ulinzi. Mwezi wa Desemba 2017 mahakama ya kijeshi iliwahukumu watu kumi na mmoja juu ya ubaya huo, na mmoja wao alikuwa mbunge wa jimbo. Mganga anayemtuma mwanaume kwa msichana mdogo, kwetu si kichekesho.

Mwalimu mmoja alisema tuondoe mganga kabisa. Mama mzee wa kikundi akakataa. Akasema: “Mkimwondoa, watu watafikiri hayupo. Mwacheni, lakini mbadilishieni dawa.” Tulibishana siku mbili juu ya hiyo dawa. Mwishoni tulikubaliana hivi: tajiri hana usingizi, mali yake inamkimbia, anakwenda kwa mganga. Mganga anamwambia: “Mwezi mzima utafanya kazi zote za bibi yako, na mtu asikusaidie.” Basi mnunuzi wa madini anafunga kikwembe. Anabeba bidon ya maji kwa kamba ya kichwa akipanda mlima. Anatwanga sombe. Anabeba mtoto mgongoni, mtoto anamkojolea. Wababa waliokuwa wanasimama mbali kando ya uwanja walisogea karibu hapo. Walicheka kwa nguvu kupita wamama, na mmoja akamwambia mwenzake, sisi tukisikia: “Lakini hiyo kamba ya kichwa inaumiza kweli.”

Jambo la pili gumu lilikuwa bibi wa kwanza. Mama tuliyempa nafasi hiyo, maisha yake ni hayohayo. Bwana yake alikwenda machimboni akaleta mwingine. Hatukumchagua juu ya hilo. Tulimchagua juu ya sauti yake. Siku ya tatu ya mazoezi akaweka karatasi chini, akauliza: “Watu watakapocheka, watamcheka nani?” Uwanja ulinyamaza.

Swali hilo lilibadilisha mchezo wote. Tukarudia kila mstari tukiuliza: hapa kicheko kinamwangukia nani? Kikimwangukia mwenye nguvu, tunakiacha. Kikimwangukia aliyeonewa, tunakikata. Tulikata maneno mengi, na mengine yalikuwa yanachekesha sana. Tulikata utani wote juu ya mwili wa bibi wa kwanza na miaka yake. Tukakataa pia kumfanya msichana kuwa adui wake. Wimbo wa tano mama yule aliutunga mwenyewe, hatukumsahihisha hata neno. Aliimba juu ya shamba alilolima, mbuzi wawili aliouza bwana apate mtaji wa kwanza, na likelemba iliyolipa masomo ya watoto. Hakulia. Anahesabu tu. Kwaya inajibu baada ya kila hesabu.

Sheria nayo tuliingiza, kidogo, kupitia mama wa likelemba anayejua kusoma. Mwaka uleule filamu ilipotoka, tarehe 1 Agosti 1987, nchi yetu ilipata Sheria ya Familia, ambayo inakataza mtu kufunga ndoa nyingine wakati ya kwanza haijavunjwa. Ilipogeuzwa mwaka 2016, umri wa kuoa na kuolewa uliwekwa miaka 18 kwa wote, msichana na kijana. Kwenye mchezo mama huyo anataka kusoma karatasi, tajiri anamkatiza kila mara, mpaka kwaya inaimba kifungu chote kwa sauti ya arusi. Walimu wenzetu wanajua: fundisho refu watu wanasinzia, lakini wimbo watoto wanauimba njiani kesho yake.

Wamama, kuna jambo moja zaidi ambalo vikundi vya kwingine havina lazima ya kulifikiri. Kila nafasi tuliifundisha watu wawili. Huku kwetu mtu analala nyumbani leo, kesho yuko njiani na mkeka kichwani. Nusu ya wachezaji wetu walitoka katika kambi. Wiki mbili mbele ya siku, risasi zilisikika upande wa juu, na jamaa nne zikahama. Kuru wetu wa kwanza aliondoka pamoja na wazazi wake. Kuru wa pili alikuwa tayari. Kabibi aliondoka pia. Aliyemfuata alikuwa mtoto wa kambi ambaye hakuwa amesema neno darasani kwa miezi miwili. Aliimba. Wimbo wa kwanza, ule wa kijana kuacha kijiji, tuliutengeneza kama wimbo wa safari ya mjini. Ulipoimbwa mbele ya watu wa kambi, walisikia kuacha kijiji kwingine. Wazee wengine walisimama wakaimba pamoja, na hatukuwa tumewafundisha.

Kwa kikundi kinachotaka kufanya hivi, tunashauri mambo machache. Chagueni filamu ambayo wote wanaweza kusimulia kwa dakika tano. Isiyosimulika kwa kifupi haitachezeka uwanjani. Andikeni hadithi kwanza, nyimbo baadaye. Kila wimbo usogeze hadithi. Kama mambo ni yaleyale mbele na nyuma ya wimbo, ondoeni. Mchezo usipite saa moja, juu ya mvua ya alasiri. Mazoezi yawe baada ya shamba na mbele ya kupika, na wabwana waambiwe mapema, waje waone wenyewe. Tajeni mbele ya watu majina ya waliotengeneza filamu, kwa kuwa kazi ya mtu ni mali yake. Sisi hatukulipisha mtu kuingia. Mkitaka kulipisha, ombeni ruhusa kwa wenye kazi. Kuna SOCODA, shirika la haki za watunzi la nchi yetu, linaloshughulikia mambo hayo.

Yule mama wa wimbo wa tano ametuomba tumruhusu kufundisha wimbo wake katika vikundi vingine. Tumemwambia wimbo ni wake, haombi mtu. Karatasi za mchezo tumeziandika kwa mkono katika madaftari matatu. Moja liko kwetu, moja limekwenda kambini pamoja na Kuru wa kwanza, na la tatu linasubiri kikundi cha upande wa Walikale kitakachotuma mtu kulichukua. Aje na kalamu, anakili, kisha alirudishe.