Tochi Yenye Macho

Tochi yangu ya kwanza ya kazi niliinunua Daraja Mbili, pale Kisii mjini, kwa shilingi 650. Boksi lilikuwa limeandikwa lumeni 100,000. Muuzaji aliielekeza kwenye ukuta wa ghorofa ya mbali, saa sita mchana, na bado nikaona kiduara cheupe kikicheza kule juu. "Madam, ukiwasha hii hapa, Keroka wanaona," akaniambia. Nikacheka, nikalipa, nikapanda Probox ya kurudi Kebirigo tukiwa wanne kiti cha nyuma, tochi mapajani, nikijua kwamba shida zangu za kazi zimeisha.

Kazi yenyewe ni ukarani wa majani chai. Wakulima wanachuma, wanabeba hadi kituoni, mimi nafika na lori na mizani, nakagua, napima, naandika kilo, mzigo unaenda kiwandani. Ukiisikia hivyo unadhani ni kazi ya mchana. Lakini huku Nyamira mvua inapenda kuja alasiri, na barabara ya udongo ikishalowa lori linatembea kama mgonjwa. Kituo cha kwanza unakifikia jioni. Cha tatu unakifikia watoto wameshalala, na watu thelathini wamejikunyata chini ya mabati, kila mmoja na gunia lake, wanakungoja wewe tu.

Kabla ya hiyo tochi nilikuwa natumia simu. Nilianza na simu yangu, naishika kwa meno ili mikono ibaki huru, mpaka siku moja mvua ikaingia na ikazima moja kwa moja. Nikaazima ya mama, mulika mwizi ya zamani ambayo hajawahi kukubali kuitupa. Wale waliozaliwa juzi huenda hawajui: Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003, ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na huku kwetu watu waliipenda kwa sababu ya kitaa kidogo cha kichwani. Ndiyo maana ikapewa jina la kitaa, si la simu. Lakini mulika mwizi inatosha kutafuta tundu la ufunguo. Gunia la majani mabichi inakuonyesha kiasi cha kiganja tu.

Kwa hiyo nilitaka mwanga mkali. Swali langu lilikuwa hilo moja: ipi inawaka zaidi? Nilichelewa kuelewa kwamba kazi yangu ya usiku, ukiichambua vizuri, ni kutazama rangi.

Majani tunayotaka ni mawili na kichipukizi, mabichi, ya kijani. Jani likishachumwa bado linapumua. Ukilibana kwenye gunia kwa saa nyingi linatoa joto, joto linakosa njia, na majani yanaanza kuwa mekundu. Sisi tunasema yameungua. Wekundu huo huo ndio unaoipa chai rangi yake, lakini unatakiwa utokee kiwandani, baada ya majani kukatwakatwa, kwa muda uliopangwa. Ukitokea kwenye gunia, umeharibu. Karani akipokea majani yaliyoungua, yanachanganyika na ya watu wengine, na hasara ni ya wote. Akikataa majani mazuri, hasara ni ya mtu mmoja, na mtu huyo anamjua kwa sura na kwa jina.

Ilikuwa Aprili. Lori lilikwama mara mbili, na tulipotundika mizani kwenye kituo cha mwisho ilikuwa karibu saa tatu usiku. Duka la jirani, ambalo huwa linatupa mwanga wa bure, halikuwa na stima. Nikatoa silaha yangu ya shilingi 650.

Kwa dakika chache nilikuwa staa. Vijana walipiga mluzi. Mtoto mmoja aliniomba nimulike ng'ombe aliyefungwa ng'ambo ya bonde, na kweli ng'ombe akaonekana, macho yakimetameta. Kisha tukaanza kazi.

Wa nne au wa tano kwenye foleni alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, jirani yetu. Namwita Magokoro, yaani nyanya kwa Ekegusii, ingawa si wa damu. Anachuma peke yake. Tanboi alishatundika gunia lake na mizani ikasoma kilo 14. Nikamulika ndani. Majani ya juu, yaliyolowa, yaling'aa meupe kama vipande vya kioo. Ya chini yalikuwa meusi. Nikatia mkono, nikasikia vuguvugu, ingawa gunia lolote lililongoja lori saa nne lina vuguvugu. Nikachomoa jani moja, nikalisogeza karibu na tochi. Lilikuwa kahawia, au kijani kilichokolea. Ukiniuliza leo nilichokiona, siwezi kuapa.

Nilikuwa nimelowa, nina njaa, na wiki hiyo nilikuwa nimeshapitisha gunia bovu, kwa hiyo nilikuwa na woga.

"Magokoro, haya yameungua. Sitaweza kuyapokea."

"Yameungua wapi, mwanangu?"

"Haya hapa. Meusi."

"Huo weusi ni wa usiku," akasema.

Hakuna aliyemtetea. Siwalaumu, kila mtu alikuwa na gunia lake nyuma na hakuna aliyetaka liangaliwe kwa hasira. Tanboi alilishusha. Magokoro alijifunga leso kichwani, akainamia mzigo wake, na kijana mmoja akamsaidia kuuweka mgongoni. Nikapiga mstari kwenye jina lake. Kilo 14 kwa mtu wa umri ule ni siku nzima mgongo umepinda, kwenye baridi ya Kebirigo.

Asubuhi, hata saa moja haijafika, nikamsikia akibisha kwa mama. Alikuwa na ungo. Usiku kucha alikuwa ameyatandaza majani yale kwenye mkeka, na sasa aliniletea sehemu yake nione. Yalikuwa yamenyauka, yamelegea kama kitambaa. Na yalikuwa ya kijani, yote. Nilipekua hadi chini nikitafuta hata moja jekundu la kunitetea.

"Yangekuwa yameungua jana, leo yangekuwaje?" akauliza. Alikuwa anauliza kweli, kwa sauti ya kawaida, mama akiwa amesimama pale na kikombe mkononi. Hiyo iliniuma kuliko kelele.

Nikaanza kueleza habari za mvua, giza, stima. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wewe si mwizi. Lakini taa yako haina macho."

Kitabuni sikuwa na njia ya kurudisha kilo ambazo hazikupanda lori. Nikaingia ndani, nikapiga hesabu ya kilo 14 kwa bei ya mwezi ule, nikamletea pesa taslimu. Nilidhani atakataa, unajua vile wazee hukataa kwa adabu ili tendo lako lionekane kubwa. Hakukataa. Alizihesabu noti mara mbili, akazifunga kwenye pembe ya leso, akaniangalia.

"Na bonasi?"

Kwa asiyejua: mkulima mdogo wa chai hulipwa kiasi fulani kwa kilo kila mwezi, halafu mara moja kwa mwaka, kama Oktoba hivi, anapata malipo ya mwisho. Hiyo ndiyo bonasi. Karo na mabati ya nyumba hungoja siku hiyo. Kilo zisizoandikwa hazina bonasi. Nikamwambia nitamlipa Oktoba.

Jioni hiyo sikwenda kazini na tochi ile. Nilisoma kuhusu taa, usiku baada ya usiku, mpaka bando likaisha, nikanunua lingine.

Hivi ndivyo nilivyoelewa. LED nyeupe kwa kweli si nyeupe. Ndani yake kuna LED ya bluu, ile iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Juu yake hupakwa unga unaogeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa njano. Bluu na njano zikifika jichoni pamoja, unaona nyeupe. Ikiwa unga ni wa bei rahisi, mwanga unabaki na bluu nyingi na wekundu kidogo sana. Na kitu chekundu hakiwezi kukuonyesha wekundu ambao hakikumulikwa nao. Kinakuwa kahawia, kinakuwa cheusi. Kwa hiyo jani lililoungua na jani lililolowa tu likiwa kivulini, chini ya tochi yangu, yalikuwa mapacha.

Uaminifu wa taa kwa rangi una alama yake, juu ya 100. Jua ni 100. Balbu za zamani za waya, zile za tochi ya bati ya baba yenye betri mbili kubwa, zinakaribia hapo hapo. Zilikuwa hafifu, zinamaliza betri, lakini nyekundu ilikuwa nyekundu. LED nyingi za bei rahisi hukaa karibu na 70, na boksi haliitaji alama hiyo kabisa. Likiandika chochote, linaandika lumeni.

Na lumeni zenyewe? Taa moja ya mbele ya gari, ile ya halojeni, inatoa elfu moja na kitu. Laki moja mkononi mwangu ingekuwa magari kadhaa yamewasha taa kwa pamoja kutoka kitu kilichonigharimu 650. Betri nayo ilikuwa ya aina ya 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu 65, ikidai mAh 9,800. Nilijifunza kwamba nzuri za saizi hiyo huishia kwenye 3,500 hivi. Hata umbali ulioandikwa una siri yake. Kwa kipimo kinachotumiwa na watengenezaji wakubwa, umbali huhesabiwa mpaka pale mwanga unapobaki 0.25 lux, yaani kama mbalamwezi ya mwezi mpevu. Tochi ikikuambia mita 300, kule mwisho utaona kama unavyoona usiku wa mwezi. Inatosha kumwona ng'ombe. Mimi nilikuwa nanunua umbali, wakati kazi yangu yote iko ndani ya urefu wa mkono.

Nilipopata siku mbili za mapumziko nilienda Nairobi, nikapitia maduka ya Luthuli Avenue. Mfukoni nilibeba tishu yenye majani mawili, moja bichi, moja nililoliacha liungue makusudi. Kila duka nilikuwa naomba kona yenye giza, natandaza majani yangu, nawasha. Wauzaji wawili walinicheka wazi. Wa tatu, mzee wa makamo, aliniambia niache majani, nitazame kiganja changu. Tochi ya kwanza aliyoniwashia, kiganja kilikuwa kijivu, kama cha maiti. Ya pili, damu ikarudi. Niliona mistari, niliona waridi ya ngozi chini ya kucha. Nikaweka majani chini yake na kila moja likajitaja lenyewe.

Nilinunua hiyo, shilingi 3,800. Ni ya kufunga kichwani, kwa sababu mkono mmoja unashika gunia na mwingine unaandika. Ina lumeni 300 tu kwa maelezo yake, na mimi hutumia nusu. Mwanga wake una ujoto kidogo na unatawanyika badala ya kukusanyika katikati, kwa hiyo majani yaliyolowa hayanirushii vioo. Imeandikwa IPX4, maana yake inavumilia maji ya kurukiwa kutoka pande zote. Mvua ya Kebirigo inarukia pande zote kweli. Betri inatoka, kwa hiyo ya akiba nakaa nayo ndani ya soksi. Imeanguka kutoka kwenye lori mara moja na bado inawaka.

Pesa zilizobaki nilinunulia kitaa cha kutundika, cha rangi hiyo hiyo ya joto. Hiki nakiangika kwenye mti wa mizani ili namba zisomwe na kila mtu. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Ila baada ya usiku ule niliona mambo ambayo zamani sikuyaona: jinsi watu walivyokuwa wakirefusha shingo kusoma kilo zao huku mwanga wote uko mkononi mwangu, unaelekea ninakotaka mimi.

Bado nakataa magunia. Wiki iliyopita nilikataa mawili. Lakini sasa nafungua, natandaza kidogo mezani chini ya taa, namwita mwenyewe, tunaangalia pamoja. Wengine hubisha. Wengi hunyamaza, maana wekundu wameuona kwa macho yao.

Magokoro huja karibu kila siku ya mchumo. Gunia lake likipanda yeye huwa haangalii mizani kwanza, anaangalia kichwani mwangu, kama mtu anayekagua kofia. Oktoba ilipofika nilimpelekea bonasi ya kilo 14. Alihesabu mara mbili. Akasema imepungua, mwaka huu kilo imelipa vizuri kuliko nilivyopiga. Nikatoa simu tukapiga hesabu upya pale mlangoni, na kweli nilikuwa nimekosea, kwa shilingi nane.

Nikampa kumi. Akanirudishia mbili.