Usimsogezee Kikombe

Picha niliyoifuta ninaikumbuka kuliko nyingi nilizozihifadhi. Ilikuwa Mkomazi, jua limeshaanza kuuma, na mteja aliyenikodi nimpigie picha za matembezi ya familia yake alikuwa amesinzia kwenye kiti cha nyuma. Swala twiga jike alisimama kwa miguu miwili chini ya mgunga, wima kama mtu, kwato za mbele zinaning'inia hewani, shingo ameivuta mpaka mishipa imetokeza. Midomo yake ilikuwa imebakiza kama inchi moja kulifikia jani. Nilibonyeza. Nikasubiri, nikabonyeza tena alipolipata na kuanza kutafuna. Jioni, nikichuja kazi ya siku, nilifuta ya kwanza nikabaki na ya pili. Kasoro ya ile ya kwanza ilikuwa moja tu: mnyama hajafika.

Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi kwa miaka 14. Nina kibanda cha picha hapa Tanga, Ngamiani, picha za pasipoti siku za kazi na harusi mwisho wa wiki. Harusini nilisifiwa kwa picha zilizofika: pete iko kidoleni, keki iko mdomoni, mkono wa babu uko juu ya kichwa cha bibi harusi. Zile za kabla yake, pete bado inaelea, bibi harusi kafumba macho akingoja kipande cha keki, shangazi kapanua mikono na hajakumbatia mtu, nilizifuta usiku uleule ili memori kadi ipate nafasi. Kijana wangu wa dukani nilimfundisha vivyo hivyo. Nilimwambia hakuna mteja anayelipia mkono ulioachwa hewani.

Kisha mama akaanguka.

Alfajiri ya Jumatano moja nilimkuta sakafuni kando ya ndoo ya maji ya udhu, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala kama si wake. Kiharusi. Damu iliyoganda ilikuwa imeziba mshipa upande wa kushoto wa ubongo, na upande huo ndio unaouamrisha mkono na mguu wa kulia. Kwa watu wengi maneno nayo yanakaa hukohuko. Mama yangu, aliyefundisha sayansi shule ya msingi kwa miaka 31, alibaki bila mkono wa kushikia chaki na bila sauti ya kufundishia. Ya wodini nayapita. Tulikaa siku 11, tukapewa karatasi ya kliniki ya mazoezi ya viungo, tukarudi nyumbani na bajaji.

Kliniki ilikuwa mara mbili kwa wiki. Kijana wa mazoezi alimkalisha mama mezani, akaweka kikombe cha plastiki cha bluu mbele yake, akamwambia, "Haya mama, kifuate." Hakusema "kichukue", neno hilo nililipima baadaye. Mkono ulitambaa juu ya meza kama unavutwa na kamba. Bega likapanda, kifua kikaegemea mbele, vidole vimekunjwa ngumi. Ukafika katikati ukasimama. Nami nikafanya ambalo nadhani mtoto yeyote angelifanya: nikakisukuma kikombe mpaka kikagusa vidole vyake.

"Kaka, usimsogezee," yule kijana akasema, wala si kwa ukali. "Ukimsogezea, zoezi umefanya wewe." Akakirudisha kilipokuwa.

Sikumwelewa, na kusema kweli nilimwona hana huruma. Kwetu, mtoto anayekaa pembeni akimtazama mzazi wake akihangaika kukifuata kitu ana jina lake, na si jina zuri. Kwa hiyo nyumbani niliendelea kusogeza: kikombe, kijiko, rimoti, tasbihi. Hata salamu nilimsogezea. Kila asubuhi nilisema, "Shikamoo, mama," midomo yake ikaanza kuhangaika, nami kwa kumwonea huruma nikajijibia mwenyewe, "Marahaba, haya," nikatoka. Wiki tatu zikapita. Mkono haukuongeza hata upana wa kidole.

Kijana wa mazoezi akaomba picha za mama akifanya zoezi nyumbani, apate kulinganisha wiki na wiki. Hilo nililiweza. Nilisimamisha kamera kwenye stendi, nikaipanga ipige mfululizo, picha nane kwa sekunde. Kabla mama hajakaa, nilijaribu mwanga kwa mkono wangu mwenyewe: mimi nikakifuata kikombe, binti yangu akabonyeza. Nilipozikuza zile picha kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, niliona jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona, japo kutazama ndiyo kazi inayonilisha. Vidole havingoji kufika. Vinaanza kuachana mara tu mkono unapoondoka mezani, na kabla ya kufika vimepanuka kupita ukubwa wa kikombe. Kisha vinajikusanya taratibu, hata vinapokigusa vimekwishakuwa na umbo lake.

Nilimpelekea kijana wa mazoezi nikidhani nimegundua kitu. Akacheka. Akasema wataalamu wanalijua hilo zamani, kwamba mkono hukipima kitu ukiwa njiani, na asiyepita njiani hapati kupima. Tukafungua picha za mama. Ngumi mwanzo, ngumi katikati, ngumi mwisho. Kila nilipomsogezea kikombe nilikuwa nimemkatia kipande kilekile cha njia ambamo vidole hujifunza kufunguka. Ndicho kipande nilichokuwa nikikifuta kwenye memori kadi usiku wa harusi kwa miaka 14.

Kuna picha ambayo wengi waliosomea kazi yetu wameonyeshwa, ya Henri Cartier-Bresson, Paris, mwaka 1932, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare. Mtu anaruka juu ya dimbwi. Nilikuwa nikiitumia kuwafundisha vijana kwamba mpiga picha hungoja jambo litimie. Usiku ule nikaitazama tena, safari hii kisigino peke yake. Hakijagusa maji. Yule bwana hajafika mpaka leo, na lau angekuwa amefika tungebaki na picha ya mtu aliyelowa viatu.

Nyumbani palikuwa na mwalimu mwingine aliyenyamaza. Binti yangu alipewa kazi ya shule ya kuotesha kunde kwenye kopo la maziwa, akaliweka karibu na dirisha. Mche ukalala kuelekea nje. Mama akauangalia siku mbili, siku ya tatu akanyoosha mkono wa kushoto akaligeuza kopo, mche ukatazama ndani. Baada ya siku chache ulikuwa umejipinda upya kurudi dirishani. Mama akanitazama kwa macho ya darasani, nikalikumbuka somo lake. Alizoea kuwasimulia wanafunzi habari za Charles Darwin na mwanawe Francis, waliochapisha kazi yao mwaka 1880: walivifunika ncha vichipukizi vya nyasi, na vilivyofunikwa havikupinda kufuata mwanga. Ncha ndiyo inayouhisi mwanga. Kinachopinda ni shina chini yake. Kisha aliwauliza ni upande upi wa shina unaofanya kazi. Darasa zima hujibu, "Wa jua!" Naye alifurahi mno kuwakosoa. Kemikali ya ukuaji, oksini, hujikusanya upande wa kivuli, seli za huko zinarefuka kuliko za upande wa pili, ndipo shina linaelemea kwenye nuru. Upande unaorefuka ni ule uliokaa gizani. Nilikuwa nimelisikia somo hilo nikiwa darasa la sita, mtoto wa mwalimu, sikulitia maanani.

Nikaanza kwenda mikokoni Jumapili, maji yakiwa yamekupwa, kutafuta vitu vilivyo bado njiani. Watu wa mjini hupaona kuwa mahali pa tope na mbu, nami nilikuwa mmoja wao. Mchu unatoa mizizi inayopanda juu badala ya kwenda chini, maelfu yake, imechomoza topeni kama penseli, kwa sababu tope lile halina hewa na mzizi nao unataka kupumua. Bamvua likija inafunikwa yote, maji yakitoka imesimama palepale. Mkoko wenyewe una mambo yake: mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti mama, mche unaning'inia kama rungu la kijani, mwingine unapita nusu mita, ndipo uachie na kuanguka. Nilipiga mmoja uliobakiza kiganja kimoja kuligusa tope. Zamani ningekaa pale kungoja uanguke. Nilikunja stendi nikaenda zangu.

Mama alipenda kuonyeshwa picha hizo jioni, nami nikawa namsimulia za wenye kazi hii. Nilimsimulia habari za Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 ziliitikisa dunia. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono, akatengenezewa wa bandia, akarudi kwenye kamera. Mama aliutazama mkono wake, akaitazama kamera yangu, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Sikuuliza anacheka nini.

Wiki ya 9, katika mfululizo wa picha 22, kwenye picha ya 13 kidole gumba kimeachana na vingine. Kwa macho hakuna aliyekiona. Ilikuwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha ngumi ikarudi. Kikombe kilikuwa mbali bado. Nikaikuza, nikamwita mama. Aliitazama muda mrefu, halafu akakigusa kile kidole gumba kwa kidole cha mkono wa kushoto, kwenye kioo cha kompyuta.

Picha hiyo nimeisafisha kubwa, ipo ukutani dukani. Wateja huuliza kama iliharibika. Mmoja hakuuliza. Ni dada niliyempiga picha za harusi miaka sita nyuma. Baba yake amefariki, akaja kuulizia picha ya mzee akimjia mikono imepanuliwa pale ukumbini. Nikamwambia ya kukumbatiana ipo. Akasema hiyo anayo, lakini humo uso wa baba umefichwa begani kwake. Nilitafuta kwenye diski zangu zote nikijua fika kwamba sitaipata. Nilimwambia ukweli, kwamba niliifuta mimi. Akanishukuru, akaondoka bila kununua kitu.

Siku hizi sifuti za kabla, na diski zinajaa upesi. Salamu nayo niliacha kumjibia mama. Nasema, "Shikamoo, mama," kisha nasimama mlangoni hata dakika nzima, na kwa mtu mwenye haraka ya kufungua duka dakika hiyo ni ndefu. Wiki ya 11 alinijibu, "Haba." Wiki ya 14 ilikuwa "Marahaba," nzima, na kichwa akakiinamisha kama zamani.

Mkono haujarudi wote, na kijana wa mazoezi amesema huenda usirudi wote. Chai anakunywa kwa mkono wa kushoto. Kikombe cha bluu kiko sentimita 40 kutoka ukingo wa meza. Kati yake na ukingo, juu ya meza, kuna mistari minne ya chaki, aliyoichora mwenyewe kila mkono unaposimama. Wa kwanza uko kwenye sentimita 12. Wa mwisho ni wa Jumamosi iliyopita, uko kwenye 34.