Divai Kavu ya Muskati na Meza ya Rusizi

Kazi ya mwandishi wa kumbukumbu hizi, mzaliwa wa Gikundamvura katika wilaya ya Rusizi, eneo ambalo wazee bado huliita Cyangugu, ilikuwa ya kuhudumia mezani katika hoteli za Kamembe, na kwa miaka mingi ya kazi hiyo alitafuta jibu la swali ambalo vitabu vya divai vilivyomfikia havikuligusa: divai nyeupe kavu ya muskati iandamane na nini, pale chakula chenyewe kinapokuwa sambaza, sombe na wali wa Bugarama.

Muskati ni ukoo wa mizabibu uliolimwa tangu kale kandokando ya Bahari ya Kati, na aina zake mbili mashuhuri ni ile ya punje ndogo na ile ya Alexandria. Divai yake huitwa kavu pale hamira inapoigeuza karibu sukari yote ya tunda kuwa kileo, kama ifanyikavyo Alsace, Ufaransa. Lakini harufu ya tunda haiondoki pamoja na sukari, kwa sababu hutokana na terpeni, yaani viini vya harufu kama linaloli na geranioli, ambavyo hupatikana pia katika maua, na ambavyo uchachushaji hauviondoi. Hivyo pua huahidiwa utamu ambao ulimi hauukuti.

Hali hiyo haikuwa ngeni kwa mtu aliyekulia kwenye migomba. Urwagwa, pombe ya ndizi ya Rwanda, hutokana na ndizi zilizoivishwa shimoni na kukamuliwa kwa msaada wa majani, kisha maji yake huchanganywa na unga wa mtama na kuachwa yachachuke kwa siku chache. Ikiiva sawasawa hunukia ndizi mbivu, ilhali kinywani ni kali na chachu. Nyumbani kwao mwandishi haikunywewa na kitu kitamu, bali na maharage, nyama ya mbuzi ya kuchoma au samaki wa chumvi, na ni desturi hiyo, kuliko kitabu chochote, iliyomfundisha namna ya kuihudumia muskati.

Sambaza, samaki wadogo waliopandikizwa katika Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ndio waliokubaliana nayo kuliko vyakula vyote. Wakikaangwa mpaka wakauke na kunyunyiziwa chumvi, chumvi hiyo huitokeza harufu ya maua, nayo divai huyasafisha mafuta kinywani. Ndimu hutakiwa kidogo mno, kwa kuwa muskati kwa kawaida haina uchachu mwingi, na chakula kinachoizidi kwa uchachu huifanya ionekane kama maji. Pilipili nayo ina mpaka wake: ikiwa ya wastani hupendeza, lakini ikizidi, kileo huuongeza moto wake. Ndizi mbivu za kukaanga, ambazo wageni wengi waliziagiza wakivutwa na harufu ya glasi, hazifai kabisa, maana sukari ya chakula huifanya divai kavu ionekane chungu na nyepesi. Ndizi mbichi zilizopikwa na kitunguu zinafaa zaidi.

Chupa zilizotoka Kigali zikipita msitu wa Nyungwe zilihitaji kutunzwa mbali na joto na kunywewa zingali changa, kwani harufu ya muskati hufifia, na baridi inayoifaa, ya nyuzi 8 hadi 10, hupatikana kwa ndoo ya barafu iliyotiwa maji, ambayo hupoza haraka kuliko barafu peke yake.

Kuhusu sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa saa nyingi, mwandishi alitofautiana na wapishi wenzake, walioiona nzito mno kwa divai nyeupe. Yenye mawese mengi huifunika muskati, na katika hilo walikuwa na haki. Lakini iliyopikwa kwa karanga na mawese machache, ikapakuliwa juu ya wali mweupe, huacha uchungu mdogo wa majani ambao harufu ya zabibu huupoza, na mwandishi aliendelea kuipeleka mezani hivyo hadi alipostaafu.