Nyumba ya vitabu katikati ya muji: mambo niliyoona Nairobi

 Mwezi huu ninawaalika tusafiri pamoja mpaka Nairobi, katika inchi ya Kenya. Hatuendi kuona simba wala tembo. Tunakwenda kuona nyumba ya vitabu.

Jambo lenyewe lilianza nyumbani kwangu. Binti yangu alikuwa anatayarisha Examen d'État. Kila mangaribi alikuwa anakwenda Katuba kwa rafiki yake kunakili kwa mukono kitabu cha kemia, kwa maana kitabu kilikuwa kimoja na vijana walikuwa saba. Usiku mumoja umeme ulikatika, akazima kalamu yake, akaniuliza: "Baba, shaba inatoka mu inchi yetu kila siku na makamyo. Juu ya nini batoto habana fasi ya kusomea?" Nilinyamaza. Ni vigumu muzazi kunyamaza mbele ya mutoto wake.

Mwaka 2023 nilikwenda Nairobi kwa kazi, na ulizo lile nikalibeba pamoja na mizigo. Watu wakanionyesha maktaba (ndivyo wanavyoita biblioteke kule) inayoitwa McMillan Memorial Library. Iko katikati kabisa ya muji, ku Banda Street, karibu na musikiti mukubwa wa Jamia. Ni nyumba ya mawe, ina nguzo kubwa mbele, na simba wawili wa mawe wanalinda ngazi. Askari wa mulango alisikia Kiswahili changu, akacheka: "Mzee, wewe umetoka Kongo! Karibu." Ndani nilikuta vijana wameinama juu ya madaftari. Hakuna aliyeinua kichwa kuniangalia. Nikasema moyoni: binti yangu angekaa hapa kutoka asubui mpaka jioni.

Lakini kila nyumba iko na habari yake. Hii ilifunguliwa mwaka 1931. Bibi Lucie McMillan aliijenga kwa kukumbuka mume wake, Northrup McMillan, tajiri aliyezaliwa Marekani, na shirika la Carnegie la Marekani likasaidia. Mwaka 1938 ikawekewa hata sheria yake yenyewe. Ila, kwa karibu miaka 30, walioruhusiwa kuingia kusoma walikuwa Wazungu tu. Ndani nilikaa karibu na mzee mumoja, akaniambia kwa sauti ya chini: "Baba yangu alipita hapa kila siku akienda kazini. Alijua kusoma. Hakupanda hata ngazi moja."

Wazee wetu wa Lubumbashi wataelewa neno hilo bila kuelezwa. Muji wetu ulianza mwaka 1910, na wakati wa ukoloni ulipangwa vilevile: katikati ni ya Wazungu, watu weusi waliwekwa mbali, na kati yao nafasi tupu ambayo waliiita zone neutre. Katikati ya muji ilikuwa fasi ya kutumika, si fasi ya kukaa. Leo hakuna anayetuzuia. Lakini kuna vizuizi vingine ambavyo havina maaskari: franga za taksi, nguo, haya. Mutoto wa Ruashi anaweza kuona nyumba nzuri katikati ya muji akafikiri: ile haiko yetu.

Ndiyo sababu mambo niliyoona siku ya pili yalinigusa zaidi. Maktaba ya McMillan iko na matawi mawili upande wa mashariki, katika mitaa ya watu wa kazi: Kaloleni na Makadara. Mwaka 2017 wanawake wawili wa Kenya, Wanjiru Koinange, mwandishi wa vitabu, na Angela Wachuka, mutu wa kazi ya kuchapisha vitabu, walianzisha shirika linaloitwa Book Bunk, na mwaka uliofuata wakapatana na serkali ya muji wa Nairobi ili kutengeneza maktaba zote tatu. Na walianzia wapi? Hawakuanzia ku nguzo na simba. Walianzia Kaloleni na Makadara. Tena waliuliza kwanza watu wa mitaa: ninyi munataka nini hapa?

Nilipanda matatu (ndizo taksibus zao), nikafika Kaloleni. Ni nyumba ndogo, haina simba. Lakini watoto walikuwa wanaingia kama wanaingia kwa shangazi yao, bila kubisha hodi. Pale nilipata jibu ambalo nilikosa usiku ule.

Ndugu zangu, siku moja wakubwa wa muji wetu watasimama waseme: tutajenga biblioteke kubwa katikati ya Lubumbashi, au ya Kolwezi. Tutapiga makofi, na itastahili. Lakini tusipige makofi tu. Tuulize maulizo haya, kwa heshima lakini bila woga:

Kwanza, mutoto wa Katuba, wa Kamalondo, wa komini ya Kenya (ndiyo, sisi pia tuko na Kenya yetu) atafikaje? Kama hakuna tawi karibu naye, nyumba ni ya wachache.

Pili, nani atalipa mwaka wa pili na wa kumi? Kujenga ni siku moja ya sherehe. Mushahara wa mutunzaji, mabati yanayovuja, vitabu vipya, taa: hayo ni ya kila mwezi. Nyumba bila franga za matunzo inageuka depo ya vumbi.

Tatu, itafunguliwa saa ngapi? Ikifungwa saa tisa mwanafunzi anapotoka masomo, imefungwa siku nzima.

Ine, vitabu vitakuwa vya luga gani? Kifaransa, ndiyo, kwa sababu ya masomo. Lakini mama anayesoma Kiswahili naye apate chake. Wazee watakumbuka gazeti Mwana Shaba, lililoanza mwaka 1957 kwa watu wa Union Minière: lilipofika nyumbani, kila mutu alitaka zamu yake. Watu wetu wanapenda kusoma. Kinachokosekana ni cha kusoma.

Niliporudi nilimueleza binti yangu yote. Alisikiliza simba, nguzo, na habari ya mzee. Kisha akaniuliza: "Baba, ku Kaloleni, nani anashika funguo?"

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Juma lililofuata yeye na wale wenzake sita waliweka vitabu vyao pamoja katika sanduku moja la mbao, ku salle ya parokia: vitabu kumi na kimoja, pamoja na kile cha kemia. Wameandika zamu juu ya karatasi. Siku ya kwanza, ya pili na ya tano, saa kumi mpaka taa inapozimika, kuko mutu anayeshika funguo.

Biblioteke ya katikati ya muji haijajengwa. Lakini siku itakapopangwa, vijana wale watajua la kuuliza.